Mzee wa Shinyanga anataka kuona ranchi za kale za Australia, nimpeleke wapi?

Swali lenyewe, nimelifupisha: "Kaka habari za kazi. Mimi naishi Darwin, baba na mama wanakuja mwezi wa saba kutoka Shinyanga. Baba amefuga na kuuza ng'ombe maisha yake yote, kasikia huku kuna ranchi kubwa kuliko mikoa yetu na anataka aone moja ya zile za kihistoria, sio ya kwenye tivii. Tuna kama wiki na gari la kukodi. Ipi ni ya kweli na ipi ni ya watalii tu, na nijiandae vipi?"

Dada, wakifika wazee naomba unifikishie shikamoo. Mimi nyumbani nilikuwa bwana mifugo kabla sijahamia huku Northern Territory, na sasa kazi yangu ni kupeleka wageni porini, kwahiyo maswali ya ranchi za kale napata mengi ila la kwako ni tofauti kwasababu anayekuja anajua ng'ombe kuliko waongoza wageni wengi wa huku, na hilo linabadilisha jibu lote. Ntaandika sana, vumilia.

Kwanza muandae mzee mapema, wakati bado yupo Shinyanga. Akisikia ranchi kubwa kuliko mkoa najua anachowaza, ng'ombe wamejaa kama siku ya mnada ila mara elfu. Hakuna kitu kama hicho. Victoria River Downs, ambayo mtapita jirani yake, miaka ya 1880 ilipoanza ilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 40,000, Rwanda nzima ni kama 26,000, na ranchi ya Kongwa ambayo mzee lazima anaijua ni kama kilomita za mraba 380 tu. Ila mvua huku ikikata mwezi wa nne ndo basi tena mpaka mwezi wa kumi na moja, nyasi zikikauka zinapoteza nguvu, kwahiyo ng'ombe wametawanywa mbalimbali sana, unaweza kuendesha saa nzima ndani ya ranchi moja ukaona vichuguu, miti, kangaruu kajilaza kivulini na ng'ombe wanne wamesimama katikati ya barabara wanakushangaa wewe.

Na mchungaji hakuna. Hapo ndo mzee atakapogoma kuamini. Ng'ombe wa huku hana mtu wa kumfuata nyuma na fimbo, hana jina, halali zizini, wengine wanamuona binadamu mara moja au mbili kwa mwaka siku ya kukusanywa basi. Kinachomchunga ni uzio na maji. Ng'ombe hapendi kwenda mbali na maji, kilomita tano hivi anaanza kugeuza, sasa mwenye ranchi akitaka wale upande wa mashariki anafungua maji ya mashariki, akitaka upande ule upumzike anafunga bomba na wanahama wenyewe. Mwambie mzee ile ni ngitili kabisa, yale malisho ya Kisukuma yanayofungwa yapumzike, ila badala ya dagashida, yaani kikao cha kijiji, na faini wao wanafunga koki. Ukimueleza hivyo safari nzima atakuwa anatafuta mabirika na visima kwa macho, na hapo atakuwa ameanza kuiona ranchi yenyewe.

Kwahiyo ushauri wangu ndo huu: usimpeleke kuona nyumba. Mpeleke aone kazi, yaani maji yalipatikana wapi, mazizi yalijengwaje, nani alilala kwenye nyumba na nani alilala chini ya bati, nani alilipwa pesa na nani alilipwa unga. Historia ya ranchi za huku imejaa hapo, kwenye nyumba kuna vikombe vya chai tu.

Sasa twende kwenye sehemu zenyewe.

Mkitoka Darwin ni kilomita kama 320 kwa lami mpaka Katherine. Hapo jirani, pembeni ya mto, kuna Springvale, nyumba ya mawe iliyojengwa 1879 na Alfred Giles kwa niaba ya tajiri mmoja wa kusini anaitwa Dokta William Browne, na inahesabika ndo nyumba kongwe ya ranchi iliyobaki imesimama Territory nzima. Ilikujaje huku? Mwaka 1872 waya wa telegrafu ulimalizika kukatiza bara zima kutoka kusini mpaka Darwin, njia ikajulikana, na wenye hela wa Adelaide wakaanza kukodi ardhi wasiyowahi hata kuiona kwa macho. Giles akaswaga kondoo maelfu na ng'ombe kwa miguu kutoka South Australia. Kondoo nchi ya huku ikawashinda, ranchi haikulipa, Giles mwenyewe akaondoka miaka ya 1890. Ukifika eneo lile saa moja inatosha, ila piga simu kwanza uulize kama wageni wanaruhusiwa maana nyumba za hivi zinabadilisha wenyewe na matumizi kila mara. Hakuna zaidi pale.

Halafu watu watakwambia nenda Mataranka, kilomita kama 105 kusini ya Katherine, ukaone nyumba ya ranchi ya Elsey. Umeuliza ipi ni ya watalii, ndo hii. Ile nyumba ya magogo ni nakala, ilijengwa kwa ajili ya kupigia filamu iliyotoka 1982. Ya asili ilikuwa sehemu nyingine, imeshakwisha, kilichobaki ni makaburi kusini ya mji, pamoja na la meneja Aeneas Gunn aliyekufa 1903 baada ya mwaka mmoja na kidogo tu hapo, na mjane wake akaandika kitabu kilichofanya Elsey ijulikane Australia nzima. Kitu ambacho vipeperushi havikisemi kwa sauti ni kwamba tangu mwaka 2000 ardhi ya Elsey imerudi kwa wenyewe, Wamangarrayi. Mimi Mataranka naenda kwa ajili ya chemchemi, maji yanatoka ardhini yana joto kama nyuzi 34, masafi mpaka unaona mchanga chini. Mama na magoti yake atakushukuru. Nyumba ipitie kwa dakika kumi ukiwa njiani kununua soda.

Sasa ya kweli. Bullita.

Kutoka Katherine shika Victoria Highway kuelekea magharibi, kilomita kama 285 mpaka Timber Creek, kimji kidogo sana, kituo cha mafuta na sehemu za kulala. Kabla hujafika, kama kilomita kumi hivi, kuna njia inakata kushoto inaingia hifadhi ya Judbarra, rafu rodi ya kama kilomita 50, na mwisho wake ndo Bullita. Ilikuwa ranchi ya ukoo wa Durack, wale Waairishi waliokuwa wafalme wa ng'ombe upande huu, na baadaye eneo likawa hifadhi ya taifa, kwahiyo hakuna mwenye ranchi wa kumuomba ruhusa, hakuna mtu anakuuzia tiketi mlangoni, mnaingia mnatembea. Nyumba yenyewe ni ya kawaida sana, bati na baraza, kuna mabango yanaeleza nani aliishi. Mzee hatakaa humo dakika tano.

Atakaa kwenye mazizi. Mazizi ya Bullita ni ya magogo ya porini, yamepangwa na kufungwa kwa mkono, yapo imara mpaka leo, na mtu anayejua ng'ombe atayasoma bila kuelezwa: hapa ndo walipoingilia, hapa panabana ili dume asigeuke, hapa ndama anatengwa na mama, hapa anabanwa apigwe chapa. Mwache. Usimuharakishe, usimtafsirie bango, atakueleza yeye. Pembeni kuna mibuyu ina maandishi yaliyochongwa na wachunga ng'ombe wa zamani, na hapo mzee atasimama tena kwasababu ni mibuyu kweli, ndugu wa damu wa ile ya kwetu, mfupi zaidi tumbo kubwa vilevile, na duniani kote nje ya Afrika na Madagaska na pwani za Uarabuni ni kona hii tu ya kaskazini magharibi ya Australia ndo unaikuta imeota yenyewe. Kuna mwingine mkubwa magharibi kidogo ya Timber Creek, mvumbuzi wa nchi Augustus Gregory alipiga kambi hapo na tarehe aliyochonga, mwezi wa saba 1856, bado inasomeka. Wenyeji wa pale, Wangarinyman, mti ule kwao ni mtakatifu, kwahiyo usimwache mtu yeyote auguse kwa kisu wala kupanda.

Mto wa Bullita usiogee. Usinawe miguu. Usichote maji na ndoo. Mamba wa huku ni wale wa maji chumvi ambao wanapanda mito mpaka mamia ya kilomita kutoka baharini, na mzee wa kanda ya ziwa atakwambia anawajua mamba, mwambie hawa ni wengine na ni wakubwa zaidi.

Gari la chini acha kabisa, chukua fowili yenye kimo, na hapo soma mkataba wa kukodi kwa makini maana makampuni mengi ya magari yanakataza barabara isiyo ya lami, ukiharibikiwa huko bima inakuwa haikujui. Mwezi wa saba njia huwa inapitika, masika inafungwa kabisa, ila angalia taarifa za barabara asubuhi ile ile.

Sehemu ya pili ya kweli, na kwa mimi ndo kubwa kuliko zote japo hakuna nyumba ya kuona, ni Wave Hill.

Ranchi ilianzishwa 1883 na Nathaniel Buchanan, mswaga ng'ombe maarufu kuliko wote wa kaskazini, ikaja kununuliwa na Vestey, kampuni ya nyama ya Waingereza waliokuwa na mabucha, meli za barafu na mashamba kila bara. Hao Vestey unawajua bila kujua, hapo Darwin kuna ufukwe unaitwa Vesteys, walijenga kiwanda kikubwa cha nyama pale kikafunguliwa 1917 na 1920 kikafungwa, kazi ya miaka mitatu tu. Ardhi ya Wave Hill ilikuwa ya Wagurindji na majirani zao tangu enzi ambazo hakuna anayezihesabu. Ng'ombe walipokuja wakanywa visima vyao wakamaliza, watu wakawindwa kwa bunduki miaka ile ya mwanzo, waliobaki wakageuka wafanyakazi. Na dada, kazi zote za ng'ombe walifanya wao. Kuzoesha farasi kupandwa, kuswaga, kukata nguzo, kuchimba, wanawake jikoni na kufua. Malipo yalikuwa unga, chai, sukari, tumbaku, vipande vya nyama vilivyobaki, na pesa kidogo sana au hakuna. Miaka ya 1940 kampuni yenyewe iliwaita watafiti wawili, Ronald na Catherine Berndt, waje waangalie kwanini wafanyakazi wanapungua, wakaandika hali ilivyo: watoto wanakufa, chakula hakitoshi, watu wanalala kwenye vibanda vya kuinama. Ripoti ikawekwa pembeni.

Mwezi wa tatu 1966 tume ya mishahara ikaamua wafanyakazi wa asilia wa ranchi walipwe sawa na Wazungu, ila ikasogeza tarehe mpaka mwisho wa 1968 ili wenye ranchi wajipange. Tarehe 23 Agosti 1966 mzee mmoja mchunga ng'ombe, Vincent Lingiari, akasimama akaondoka na watu kama 200, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea mpaka kando ya mto wakaketi, na mwaka uliofuata wakahamia Daguragu. Wazungu wakadhani ni mgomo wa mshahara, wakaleta ofa, kumbe wenyewe walikuwa wanataka ardhi. Wakakaa miaka tisa. Tarehe 16 Agosti 1975 waziri mkuu Gough Whitlam akaja mwenyewe, akamimina mchanga kwenye kiganja cha Lingiari kama ishara ya kurudisha, hati ya kukodi kilomita za mraba 3,236. Umiliki kamili walipata 1986, na 2020 mahakama ikatambua haki zao za asili juu ya eneo la ranchi ya Wave Hill iliyobaki. Picha ya ule mchanga umeshaiona tu, ipo kila sehemu, ila ukiwa umesimama pale pale na mzee ambaye ameshika fimbo maisha yake yote ni kitu kingine.

Kijiji kinaitwa Kalkarindji, Daguragu ipo kilomita chache tu. Njia waliyotembea imewekwa kwenye urithi wa taifa tangu 2007, kuna vituo na mabango, kuna senta ya sanaa ya wenyeji wenyewe inaitwa Karungkarni, anzia hapo, uliza hapo, nunua kitu hapo. Ardhi ya Daguragu ni ya wenyeji kisheria kwahiyo wiki kadhaa kabla wasiliana na Central Land Council uulize kama mnahitaji kibali na sehemu gani hamruhusiwi. Mabaki ya nyumba ya zamani ya ranchi yapo mahali panaitwa Jinparak, vyuma na misingi tu, usijiendee. Pombe usiingize hata chupa moja, sheria zake ni kali. Picha za watu uliza kwanza, na wakikutajia marehemu usirudierudie jina lake hovyo. Mzee wako akisalimia watu wazima wa pale kwa heshima ile ya kwetu ya taratibu, anakaa, anasubiri kuulizwa ametoka wapi, wataelewana haraka kuliko wewe unavyodhani, nimeshaona wazee wa pande mbili wanabishana kuhusu farasi kwa Kiingereza cha vipande vipande na hakuna aliyetaka mkalimani.

Barabara ya Kalkarindji kutoka Katherine ni kama kilomita 460, lami mpaka mwisho ila kipande kirefu ni njia moja ya katikati, mkikutana na gari mnatoka nusu nje kwenye vumbi. Mkikutana na lori la mifugo usishindane nalo, toka nje yote simama. Haya malori yana trela tatu na zaidi, urefu unaruhusiwa mpaka mita 53 na nusu, na dereva hawezi kukupisha hata akitaka. Mafuta jaza Katherine, jaza tena Top Springs. Kuna njia ya mkato ya changarawe kutoka Timber Creek kupitia Jasper Gorge, nzuri kwa macho, ila na wazee wawili ndani mimi ningerudi kwenye lami. Usiku msiendeshe kabisa, ng'ombe weusi kwenye lami nyeusi na uzio hakuna.

Kuna Argyle pia, mkitaka kuvuka kwenda Western Australia. Hao hao Durack waliswaga ng'ombe zaidi ya 7,000 kutoka Queensland kuanzia 1883, wakafika mto Ord 1885 na karibu nusu ya mifugo imeshakufa njiani, wakajenga nyumba ya mawe. Miaka ya 1970 bwawa lilipojaa nyumba ikabomolewa jiwe kwa jiwe ikajengwa upya juu, sasa ni makumbusho. Nzuri, ila kwa wiki moja ni mbali, mpakani wanakunyang'anya matunda, mboga na asali zote, na saa inarudi nyuma saa moja na nusu mnachanganyikiwa. Iacheni mwaka mwingine.

Sasa jambo ambalo usipoliangalia linaweza kuharibu safari kabla haijaanza. Mzee anatoka zizini. Ugonjwa wa miguu na midomo nyumbani tunao, Australia haujaingia tangu 1872 na wanaulinda kwa ukali ambao sijauona pengine. Kwenye ndege atapewa fomu inauliza kama amekuwa shambani au na mifugo ndani ya siku 30, aandike ndiyo. Asidanganye hata kidogo, akisema ukweli wanamsafisha viatu wanamruhusu, akidanganya ni faini kubwa na viza inaweza kuingia matatani. Viatu vya zizini aviache Shinyanga. Nyama kavu, samli, maziwa ya mgando, asali, mbegu, ngozi isiyotengenezwa, hivyo vyote visipande ndege, najua mama atataka kukuletea samli, mpigie simu mapema umkatalie kwa upole. Fimbo ya mzee kama ni ya mti atangaze, ikiwa na magome au matundu ya wadudu wataichukua, bora aje na iliyopakwa vanishi. Na akishafika akae kama wiki nzima kabla hajasogelea ng'ombe hai wa mtu yeyote, ranchi nyingi zinazopokea wageni zitakuuliza hilo na wana haki. Bullita na Kalkarindji hamgusi ng'ombe kwahiyo hamna shida, ila yeye mwenyewe atajaribu, mshike mkono.

Maswali mengine atakayokuuliza nakupa majibu kabisa usije ukaaibika. Nundu: ng'ombe wengi wa kaskazini ni Brahman, asili yake ni India kupitia Marekani, waliletwa Queensland 1933 na taratibu wakachukua nafasi ya wale wa Kiingereza ambao jua na kupe viliwamaliza. Ni wakubwa sana kuliko zebu wetu. Kupe: wapo, waliingia Darwin 1872 na ng'ombe kutoka Batavia (Jakarta ya leo), wakaleta ugonjwa wa mkojo mwekundu uliomaliza ng'ombe wa waswagaji wengi, majosho yakajengwa. Ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe nyumbani, haipo, haijawahi kufika, na ukimwambia hivyo atanyamaza kidogo halafu ataanza kupiga hesabu. Kukusanya: helikopta ndogo ya watu wawili inaruka chini chini, na pikipiki na farasi wachache chini, kila ng'ombe ana hereni ya kielektroniki, zile zile zilizoleta kelele nyumbani. Wizi: upo, ila sio wa usiku na mikuki. Soko: ng'ombe hai wanapakiwa melini hapo hapo Darwin kwenda Indonesia. Mwezi wa sita 2011 serikali ilisimamisha ghafla baada ya tivii kuonyesha wanavyochinjwa kule, ranchi zikabaki na ng'ombe hawana pa kwenda, na 2020 mahakama ikasema amri ile haikuwa halali. Mfanyabiashara wa mnada hiyo stori ataielewa kuliko mimi.

Nyasi nayo muonyeshe. Pembeni ya barabara nyingi utaona majani ya mashada yenye vichwa vya manyoya, wanaita buffel. Aina moja inayopandwa sana Queensland, Biloela, mbegu zake zilitoka Dodoma miaka ya 1930. Wafugaji wanaipenda, watu wa hifadhi wanailaani kwasababu inabeba moto mkubwa na kuua majani ya asili, South Australia walishaitangaza gugu 2015 na Territory wakafuata 2024. Na mzee akisimama kulitetea jani la Dodoma mbele ya askari wa hifadhi jiandae kusikiliza.

Mengine ya haraka. Ardhi karibu nusu ya Territory ni ranchi za kukodi kutoka serikalini, kuona barabara inaingia haimaanishi unaruhusiwa, piga simu ofisi ya ranchi kwanza. Geti ulilolikuta wazi liache wazi, lililofungwa lifunge, hata kama unaona halina maana. Kambi karibu na birika la maji usiweke, ng'ombe hawatakuja kunywa. Maji ya kunywa beba madumu, lita kumi kwa mtu na zaidi. Simu chukua laini ya Telstra, nyingine zinakufa ukitoka Katherine, na hata hiyo itakata. Dawa za presha na sukari za wazee beba za wiki mbili. Mchana jua, usiku mwezi wa saba ni baridi kweli kweli, mama aje na sweta nzito na blanketi. Kibali cha hifadhi wewe mkazi wa Territory hulipi, wazee wanatakiwa kulipia mtandaoni kabla ya kuingia Judbarra, utakuta watu wengi wanasahau hilo.

Mpangilio wangu: siku ya kwanza mpeleke Vesteys jioni mkiwa Darwin, umueleze wale watu ni nani. Kesho yake Katherine. Kisha Timber Creek usiku mbili, siku ya katikati yote ni Bullita. Kisha Kalkarindji, siku ndefu barabarani kwahiyo mtoke alfajiri, mlale huko au Top Springs. Mnarudi Katherine, chemchemi ya Mataranka kwa ajili ya mama, Darwin.

Ila kama tiketi hamjakata bado, sogezeni safari mpaka mwezi wa nane. Kila mwaka karibu na tarehe 23 Kalkarindji wanafanya Freedom Day, wanatembea tena ile njia, wazee waliokuwa watoto wakati ule wanaongea, kuna ngoma na mpira, na nchi bado ni kavu. Malazi yanaisha mapema sana kwahiyo hema na magodoro uwe nayo mwenyewe, na mtafutie mzee kiti cha kukunja chenye mgongo.